Fundi Rangi na Jicho la Kushoto

Mtu aliyezoea kazi kwa miaka arobaini ukimkalisha nyumbani wiki tatu anageuka mzigo, na fundi rangi alikuwa mzigo hasa. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto, na daktari akamkataza kuinama, kubeba kitu kizito na kukaribia vumbi. Brashi zake zililala uani ndani ya ndoo kavu. Yeye mwenyewe alishinda akizunguka vyumbani na miwani myeusi, pazia zimeshushwa, akimfundisha mkewe namna ya kupanga sufuria ambazo mkewe huyo amezipanga tangu siku ya kwanza ya ndoa.

Siku ya kumi na tisa mkewe alimpigia simu binti yao.

"Njoo umchukue baba yako," alisema. "Mpeleke kokote. Nikisikia tena habari za nyufa za dari, ninahama mimi."

Binti alikuwa karani wa dirishani posta, ana watoto wawili na mume mpole. Siku zake za likizo zilikuwa zimebaki mbili tu, akaomba moja. Alimwachia mume watoto, akakata tiketi za boti inayozunguka vijiji vitatu vya pwani, vile vilivyojaa nyumba za rangi. Safari yenyewe haina makuu. Boti inakushusha asubuhi kijiji cha kwanza, ukitaka unaingoja ikupeleke cha pili, ukitaka unapita kwa miguu kwenye kijia kilichochongwa ubavuni mwa majabali. Ukishavimaliza vyote vitatu, saa kumi inakuchukua na kukurudisha mjini.

"Sijawahi kuona mtu analipa nauli akatazame kuta," fundi alisema walipokuwa wanapanda boti.

"Wewe umetazama kuta maisha yako yote, baba."

"Nililipwa kuzitazama."

Nahodha, mama mmoja wa makamo mwenye sauti nzito na kofia ya sufu iliyovutwa mpaka masikioni, alimpa mkono akamketisha upande wa kivuli. Boti haijaondoka hata hatua kumi gatini, fundi alikwisha kupitisha kidole kwenye ukingo na kumnong'oneza binti yake kwamba waliopaka chombo hiki hawakukipiga msasa kwanza. Binti akatazama bahari na kuuma mdomo asicheke. Alikuwa na furaha. Hakumbuki mara ya mwisho alipokaa na baba yake mchana mzima bila ngazi kati yao.

Katika kijiji cha kwanza fundi alitembea kama mkaguzi. Vichochoro vilikuwa vyembamba, ngazi za mawe zikipanda na kushuka, nguo zikikauka madirishani. Watalii wengine walisimama wakapiga picha za nyumba nzima nzima, yeye akasimama pua kwa ukuta. Aligonga lipu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alionyesha mahali rangi ilipofanya malengelenge kwa sababu fundi wake alipaka ukuta ungali mbichi. Alipoona dirisha lililopakwa kwa mkono mmoja mnyoofu bila kuchafua kioo, alivua kofia.

"Na rangi zenyewe unazionaje?" binti aliuliza.

"Ziko sawa. Zimepoa kidogo."

Ilikuwa ile miwani. Daktari alikuwa amemruhusu kuivua tangu jana yake, lakini alikuwa ameizoea, na jua lilikuwa kali.  Wakanywa chai kwenye meza iliyokuwa inayumba, fundi akakunja kipande cha karatasi akakiweka chini ya mguu wa meza, ikatulia, na mwenye mkahawa akawaongezea chai.

Wakaamua kwenda kijiji cha pili kwa miguu.

Kijia kilikuwa kinapanda. Upande mmoja jabali, upande wa pili kamba iliyofungwa kwenye vigingi, na chini kabisa maji. Walitembea taratibu, binti mbele, fundi nyuma, maana hakutaka kuonekana anasubiriwa. Walipofika kwenye kona ya juu jasho lilikuwa limemshika, miwani imeingia ukungu, haoni mbele wala nyuma. Akaivua, akaifuta kwa pindo la shati, na kabla hajairudisha usoni akainua kichwa.

Kijiji cha pili kilikuwa chini yao, kimejazana kwenye bonde kama vikombe kwenye sinia. Kulikuwa na nyumba ya rangi ya chungwa, ya damu ya mzee, ya waridi, ya kijani kibichi. Kisha vitu vya buluu, na hivyo ndivyo vilivyomshika: milango ya buluu, boti za buluu zilizopinduliwa ufukweni, ukuta mmoja mrefu wa samawati uliokuwa safi kama shati lililotiwa nili na kupigwa pasi. Na bahari nyuma ya vyote hivyo. Fundi alikuwa ameiona bahari tangu asubuhi. Sasa ilikuwa kama mtu ameiosha.

Alisimama muda mrefu kiasi kwamba binti alirudi nyuma.

"Umechoka, baba?"

 Alikuwa ameinua kiganja akafunika jicho la kushoto, lile jipya, akatazama kwa la kulia. Akashusha mkono. Akafunika la kulia, akatazama kwa la kushoto. Akafanya hivyo mara nne, mara tano. Kwa jicho la kulia ukuta ule mrefu ulikuwa na rangi ya maji ya mchele, kijanikijani iliyofifia, na boti zilikuwa kijivu. Kwa la kushoto zilikuwa buluu. Ukuta uleule, boti zilezile.

"Nilidhani mama yako alizisafisha kuta," alisema hatimaye.

"Kuta gani?"

"Za kwetu. Jana nilipovua miwani sebuleni niliona kuta nyeupe. Nikasema moyoni, mama huyu amefua mpaka kuta." Akaketi juu ya jiwe lililokuwa kando ya njia. "Kumbe jicho kama hili la kulia ndilo nililokuwa nalo pande zote mbili. Miaka mingapi?"

Binti naye akakaa. Alijua kinachokuja, na alikuwa amekingoja kwa muda mrefu kiasi kwamba kilipofika alihisi kama mtu aliyeitwa jina lake ofisini.

"Daktari alisema mitano, huenda sita," alijibu.

"Miaka sita nimechanganya rangi kwa macho haya." Alizungumza polepole, kama anayepima. "Mtu akitaka rangi ya maziwa, mimi naiona imekuwa njano sana, natia buluu. Naiona bado, naongeza. Ikinitosha mimi, ukutani imekuwa nini?"

Binti aliangalia boti zilizopinduliwa kule chini.

"Nakuuliza, mama. Imekuwa nini?"

"Imekuwa buluu, baba."

"Jikoni kwako?"

"Buluu."

"Nilikupakia rangi ya maziwa."

"Najua. Ulisimama katikati ya jiko umeshika kiuno, ukasema, tazama jinsi ilivyotulia. Mume wangu alitoka nje akajifanya anaita paka. Hatuna paka."

Fundi aliinamisha kichwa. Kwa mbali mtu alikuwa anapigilia misumari, na sauti ya nyundo iliwafikia baada ya mkono kushuka. Alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake, si kwa maneno bali kwa jinsi alivyokuwa anapita mitaani. Alipita akizitazama nyumba zake kama mtu anavyowatazama wanawe wakubwa. Sasa alizipitia tena kichwani moja moja: nyumba ya mwalimu, duka la viatu, ya kinyozi, ofisi ya yule mwanasheria. Watu wale walimshukuru. Walimpa mkono, wengine walimpa na mboga za bustanini. Walikuwa wanamshukuru huku wamesimama mbele ya kuta ambazo hawakuziomba.

"Mbona hakuna aliyesema?"

"Mmoja alisema. Alimwambia mama. Na mama akasema yeyote atakayekugusia habari hiyo hatakanyaga kwake. Alisema ukinyang'anywa brashi utakwisha kabla ya siku zako. Ndipo akaanza kukusumbua uende kupimwa miwani."

"Kwa hiyo ile haikuwa habari ya miwani."

"Haikuwa."

Fundi alifikiria habari ya mkewe na sufuria zake, na jinsi alivyomvumilia siku kumi na tisa bila kulitoa neno hilo, hata siku ile alipomwambia kwamba hajui kupanga. Masikio yalimwaka moto. Aliirudisha miwani usoni, akaivua tena, akaitia mfukoni.

"Haya, twende," alisema. "Tiketi imekwishakatwa."

Kijiji cha pili walikipita bila maneno mengi. Binti alinunua mkate na matunda, wakala wamekaa gatini, miguu ikining'inia. Alitamani kumwomba radhi lakini hakujua aanzie wapi. Baba yake hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilimtia wasiwasi. Alikuwa anatazama. Alitazama kila kitu kana kwamba kuna mtu atakayemhoji. Boti ilipokuja walipanda, na nahodha, ambaye alikuwa mwepesi wa kusoma nyuso, akawapa viti vya mbele na kuwaacha na mambo yao.

Kijiji cha tatu kilikuwa kidogo kuliko vyote, mtaa mmoja tu unaopanda kutoka majini kama ngazi. Katikati ya mtaa kulikuwa na mama mmoja mtu mzima juu ya ngazi ya mbao, ameinua brashi, haipaki wala haishushi. Nyumba yake ilikuwa ya zambarau nyepesi, ile iliyopauka ikawa laini, lakini nusu ya mbele, kuanzia mlango kwenda kushoto, ilikuwa zambarau kali iliyopiga kelele. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulikuwa umenyooka kama mstari wa gwaride.

"Shikamoo, mama," binti alisema.

"Marahaba. Mkicheka chekeni tu, majirani wameshamaliza zamu yao." Akashuka akajifuta mikono. "Nilikwenda dukani na kipande cha lipu nikasema, nipeni kama hii. Wamenipa hii. Siku ya tatu leo. Mimi ni mkunga, nimestaafu, lakini wanawake bado wananifuata. Watu wanaelekezana kwa rangi hii. Juzi mtu kapita hapa mara mbili mkewe analia, anatafuta nyumba ya zambarau, akiona hii anasema siyo."

"Alipata?" binti aliuliza.

"Nilimfuata mwenyewe nilipomwona anapita mara ya pili. Wana mtoto wa kike."

Kisha binti akatambua kwamba yeye na mkunga wote wawili walikuwa wanamtazama fundi. Hakuwa ametaja kazi ya baba yake. Lakini fundi alikuwa ameshika kifuniko cha kopo na kukiinamisha kwenye mwanga, na kwa jinsi alivyokishika mtu yeyote angejua.

"Wewe ni fundi," mkunga alisema.

"Nilikuwa."

"Mikono haisemi 'nilikuwa'."

Fundi akaweka kifuniko chini. "Dada yangu, nisikudanganye. Miaka sita nimewapakia watu rangi wasizozitaka kwa sababu macho yalikuwa mabovu. Nimejua leo asubuhi. Zambarau ndiyo ngumu kuliko zote. Kwa jicho hili la kulia, nyumba yako nzima ni kijivu."

Mkunga hakushtuka. Katika kazi yake alikuwa ameambiwa mambo mazito zaidi ya hayo, tena mlangoni.

"Na kwa la kushoto?"

Fundi alitazama. "Kwa la kushoto naona aliyekuuzia alisahau kuwa ukuta wako umekaa juani miaka kumi."

"Basi fumba la kulia."

 Binti alitaka kusema kwamba si lazima, kwamba boti inaondoka saa kumi na sasa ni saa tisa, lakini akaliacha neno hilo mdomoni. Fundi alikunja mikono ya shati. Akauliza kama kuna nyeupe. Ilikuwepo, nusu kopo, chini ya kabati la mkunga. Akauliza kama kuna vichupa vya rangi ya kukoleza. Mkunga alileta viwili, chekundu na cheusi. Fundi akatikisa kichwa.

"Nahitaji manjano."

"Kwenye zambarau?" binti aliuliza.

"Tone tu. Manjano ndiyo inayoizima kelele."

Jirani wa ng'ambo, aliyekuwa amepaka milango yake manjano mwaka uliopita, alitoa mabaki kwenye kikombe kilichopasuka. Binti alichota na kumimina kwa sababu baba yake alikatazwa kuinama, mkunga akakoroga kwa kijiti. Fundi alisimama wima amefunika jicho la kulia kwa kiganja, akatoa maagizo kwa sauti ya chini, kama daktari wa meno. Nyeupe kidogo. Tena. Sasa lile tone. Koroga mpaka chini, usikoroge juu tu. Walipaka alama ya upana wa kiganja kwenye ukuta wa zamani, karibu na kizingiti, wakasubiri ikauke, maana rangi ya maji ikikauka hukolea.

Ilikauka. Ilikuwa waridi mno.

Fundi aliitazama. Akanyoosha mkono apewe kijiti akoroge mwenyewe. Mkunga akaingia ndani akarudi na kiti.

"Mtoto akikataa kutoka hatumsukumi," alisema. "Kaa."

Akakaa. Akatazama ukuta wa zamani, akatazama alama, akatazama tena ukuta. Hakuwa na haraka sasa. Kisha akaomba cheusi, ncha ya msumari tu, na nyeupe nyingine vijiko viwili. Wakapaka alama ya pili kando ya ile ya kwanza. Walipokuwa wanangoja, honi ya boti ililia gatini.

Binti alishuka mbio mtaa mzima. Nahodha alikuwa tayari ameshika kamba.

"Siwezi kuwangoja, nina watu," alisema. "Lakini ninasimama kijiji cha pili saa nzima, napakia masanduku. Mkitembea kwa kijia, mwendo wenu wa asubuhi, mtanikuta. Mzee ana nini?"

"Anapaka rangi."

Nahodha alitazama juu mtaani, akaona mtu ameketi kwenye kiti mbele ya ukuta, kiganja machoni. "Ndiyo kupaka huko?" aliuliza, akaachia kamba.

Binti aliporudi, fundi alikuwa amesimama. Alama ya pili ilikuwa imekaribia kukauka, na mkunga alikuwa anaitafuta kwa kidole. Hakuiona mwanzo wake wala mwisho wake. Alipitisha kiganja ukutani kama apimaye joto la mtu, akasimama pale ambapo palikuwa na unyevu kidogo bado.

"Hapa," alisema. "Ni hapa."

Fundi alimweleza namna ya kuimaliza: kopo zima kwa vipimo vilevile, binti akaviandika nyuma ya tiketi kwa hati yake ya posta, apake alfajiri kabla jua halijashika ukuta, mara mbili, na ile kali iliyoko chini ipigwe msasa kwanza. Mkunga akasema mwanawe atakuja Jumamosi kumsaidia. Aliwafungia mkate, fundi akakataa, mkunga akautia mfukoni mwa binti.

Walitembea kijia cha kurudi kijiji cha pili jua likiwa mgongoni. Safari hii fundi alikuwa mbele. Hapakuwa na upepo, na walisikia mawimbi yakipumua chini ya majabali. Walipofika nusu ya njia, binti alisema:

"Baba, unisamehe. Ningekuambia."

"Ungeniambia nini? Ningekubishia." Alitembea hatua kadhaa. "Tena ningekuja na kopo jingine nikuonyeshe kwamba ni rangi ya maziwa. Ungekuwa na jiko la buluu mara mbili."

Binti alicheka mpaka akashika kamba. Fundi naye akacheka, kwanza puani, halafu kwa kifua chote, wakasimama pale juu wamejishikilia kwenye kigingi kimoja, na kila mmoja alipojaribu kujikaza alimwangalia mwenzake wakaanza upya.

Waliikuta boti. Njiani kurudi mjini fundi alimwambia binti atoe kalamu tena. Akamtajia nyumba alizopaka katika miaka ile sita, mtaa kwa mtaa, naye akaandika. Zilikuwa ishirini na moja. Kati ya hizo, walikadiria kwamba zilizoharibika kabisa ni tisa.

Usiku ule fundi hakumweleza mkewe habari ndefu. Alisimama mlangoni mwa jiko akamtazama anavyopanga sufuria. "Zimekaa vizuri hivyo," alisema. Mkewe akageuka, akamwangalia machoni, la kushoto kisha la kulia, akaelewa. "Nenda kanawe," alisema. "Chakula tayari."

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata, na daktari alipomruhusu, fundi akachukua orodha yake akaanza kubisha hodi. Hakutuma mtu. Kila mlango alisema maneno yaleyale: mimi ndimi niliyeharibu ukuta wako, nimekuja kuurekebisha. Mwalimu alikubali, akatoka nje kumwandalia ngazi. Mwanasheria alikwisha kupaka upya zamani, kimyakimya, na aliona haya kuliko fundi mwenyewe. Mwenye duka la viatu alisema hakuwahi kugundua tofauti, na fundi akamshauri naye akapimwe macho.

Mlango wa tano ulikuwa wa kinyozi. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, povu mpaka shingoni. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho, wembe ukiwa hewani.

"Siku ulipomaliza kupaka," alisema, "nilikushukuru, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti hiki. Mke wangu aliniuliza nani amekufa."

"Nisamehe. Nitaanza kesho asubuhi."

"Wiki ya pili akaja mtu kutoka mtaa wa pili. Akaniuliza, wewe ndiye kinyozi wa buluu? Wiki ya tatu wakaja wawili." Alifuta wembe kwenye taulo. "Sasa hata kwenye risiti nimeandika hivyo. Fundi, ukigusa ukuta wangu nitakunyoa nyusi."

Mteja mwenye povu alitikisika kwa kicheko, kinyozi akamwambia atulie. Fundi alitoka akasimama barabarani, akautazama ukuta ule kwa macho yote mawili. Ulikuwa buluu kwelikweli, buluu ya ajabu, na ulikuwa umepakwa vizuri, hauna lengelenge hata moja. Akaitoa orodha mfukoni, akakata mstari kwenye jina la kinyozi, akaenda kununua msasa kwa ajili ya nyumba ya sita.